Muhuri Ndani ya Kasha la Gitaa

Juni 14

Mama yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, ukiwa umefunga mlango wa karakana, na ukimaliza usimwambie mtu hata neno moja lililomo. Hasa asijue jirani yako Fundi Vitanda, maana akijua yeye leo, kesho watajua wote wanaolalia vitanda vyake. Na huku kwangu, ikijulikana nilichofanya, nitafukuzwa kazi kabla kiti hakijanizoea.

Baada ya ombi hilo, shikamoo Mama. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Kikohozi cha vumbi la msasa kimekuachia? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka na asubuhi pua hutoka damu kidogo. Wenyeji wananiambia ni kiangazi tu, nitazoea.

Gitaa nililipakata safari nzima. Abiria wa kiti cha jirani aliniuliza kama nitalinyonyesha. Nilipofika nilikwenda nalo moja kwa moja hadi chuo cha ualimu, nimkabidhi yule mwalimu wa muziki aliyeliagiza. Nikakuta chuo kimefungwa na mwenyewe yuko likizo hadi Oktoba. Mlinzi alikataa kulipokea. Alisema yeye huchunga geti, hachungi muziki. Kwa hiyo limebaki mikononi mwangu, na usingizi umeniruka. Najua hili si gitaa moja tu. Mwalimu akiliridhia, darasa lake zima litapigia magitaa yako. Asipoliridhia ataagiza ya kiwandani, na huko nyumbani watasema si tulijua, mwanamke atengeneze gitaa wapi.

Chumba nilichopanga kina dirisha linalofungwa kwa msumari, na mpangaji wa mlango wa pili ameibiwa pasi ikiwa bado ya moto. Nikawaza, nikawazua, mwisho nikalipeleka gitaa kazini. Nimelificha masjala, yaani chumba cha chini tunamoweka mafaili, nyuma ya rafu ya mafaili yaliyokwisha kufungwa. Mlango wake ni wa chuma, una kufuli mbili, na funguo anazo Mkuu wa Masjala na mimi. Tena kuna mashine inayokausha hewa usiku na mchana ili karatasi zisiote ukungu. Maji inayoyavuta hudondoka kwenye ndoo, na mimi, kwa kuwa ni mgeni, ndiye ninayeyamwaga kwenye maua ya getini kila asubuhi. Wewe umenilea ukiniambia kwamba adui wa gitaa ni unyevu. Nikasema moyoni, mahali pakavu kuliko hapa nitapata wapi? Lakini sheria ya masjala ni kwamba kisicho na namba hakiingii, nami nimekiingiza.

Sasa shida yenyewe. Jumamosi nililifungua nilitazame. Uzi mnene unanguruma kama nyuki ndani ya debe. Na nilipopitisha mkono shingoni, ncha za vile vyuma vyembamba vilivyopandikizwa chini ya nyuzi zilinikwaruza kiganja. Hazikuwa hivyo. Nakumbuka ulivyolisugua shavuni kabla ya kuliruhusu litoke karakana, kama unavyofanya kwa kila gitaa, ukasema shavu halidanganyiki. Vifuko vyako vya mkaa wa kunyonya unyevu bado vimo ndani ya kasha, sijavigusa.

Nifanye nini, Mama? Nijibu upesi.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Kinyonga


Juni 27

Mwanangu Kinyonga,

Marahaba, baba. Mimi sijambo. Mgongo ni ule ule, umekwisha kuwa mpangaji wangu. Kikohozi kimepungua. Hiyo pua paka mafuta na unywe maji, usitembee mjini ukivuja kama bomba la serikali.

Barua nimeisoma nimejifungia, halafu nikaificha ndani ya kopo tupu la gundi. Fundi Vitanda alikuja kugonga akiuliza kama naumwa, maana hajawahi kuona mlango huu umefungwa mchana. Nikamwambia navaa. Akasema, "Kwenye karakana?" Nikamwambia, "Kwani karakana ni yako?" Akaenda zake.

Nikupe habari za huku. Siku hizi hakuna tena anayeniita Fundi. Kuanzia sokoni hadi zahanati mimi ni Mama Karani. Mwanzoni nilijifanya sisikii, ili waite mara ya pili. Hata mke wa Fundi Vitanda, yule aliyekuwa akisema mtoto aliyelelewa kwenye maranda ataishia kwenye maranda, jana kaniita Mama Karani mbele za watu, nami nikamwitikia polepole nisimalize utamu. Kwa hiyo wewe shika kazi yako, usiniangushe.

Tuje kwenye gitaa. Kulipeleka masjala umefanya vema kabisa. Serikali yenyewe imejua kwamba kitu cha thamani hukaa pakavu. Kinachonguruma ni unyevu. Umelifungua fungua ukilichungulia, hewa ya nje imeingia, mbao zimevimba. Wewe unajua huku kwetu: viatu vinaota manyoya chini ya kitanda, chumvi inageuka uji ndani ya kopo, kiberiti hakiwaki mpaka ukitie kwapani. Nimetengeneza magitaa maisha yangu yote nikipigana na maji tu. Sitashindwa na kamji kako.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vifuko viwili vingine. Mkaa nimeutwanga mwenyewe na chumvi nimeikaanga mpaka ikalia. Kimoja kiweke chini ya shingo, kingine tumboni. Funga kasha, lirudishe nyuma ya mafaili yako, na usilichungulie tena mpaka nikuambie.

Na uache kutetemeka. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unagusa sakafu kwa kidole cha mguu kabla ya kukanyaga, utadhani itakung'ata. Ndipo nilipokuita Kinyonga. Sasa una mshahara, kanyaga.

Mama yako


Julai 20

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi zinaendelea. Mimi sijambo kimwili. Rohoni sisemi.

Nilifanya yote uliyoniagiza. Vifuko niliviweka, kasha nikalifunga, sikulichungulia. Ninaloandika sasa naliandika kwa woga, maana sijawahi kukupinga hata kwenye chumvi ya mboga. Nivumilie hadi mwisho wa barua.

Nilipoanza kazi, mtoto wa meza yangu, yaani droo, alikuwa mgumu, ilibidi nimvute kwa mikono miwili. Sasa anatoka mwenyewe nikiegemea meza. Wiki iliyopita nilikuwa nagonga muhuri wa mbao kwenye barua ya mstaafu mmoja aliyesimama mbele yangu, mpini ukachomoka kwenye pete yake ya shaba, ukaviringika hadi miguuni kwake. Mzee wa watu akaniokotea akisema, "Kijana, serikali inameguka." Niliurudisha ukachomoka tena. Karani mwenzangu akaniambia nisihangaike, mihuri yote ya mbao hulegea kiangazi, na mvua zikija hukaza yenyewe.

Nilikwenda na maneno hayo hadi masjala kumwaga ndoo. Hapo ndipo nilipoiangalia ndoo vizuri. Siku zangu za mwanzo ndoo ilikuwa ikijaa hadi naibeba kwa kuinama. Siku hizi maji hayafuniki hata kitako chake. Hewa ya mji huu imekauka, haina tena cha kutoa, lakini mashine haijazimwa, maana imebandikwa karatasi inayosema isizimwe. Nikajiuliza, sasa inanyonya nini? Mle ndani hakuna kitu chenye maji isipokuwa mimi, dakika chache kwa siku, na mbao za gitaa lako.

Nikalifungua bila ruhusa yako. Uso wa gitaa, uliokuwa umeinuka kidogo kama kifua cha mtu aliyevuta pumzi, umebonyea. Ncha za vyuma zimetokeza zaidi, kwa sababu shingo yenyewe imepungua upana na chuma hakipungui. Na kutoka kwenye kile kibao kinachoshika nyuzi kwenda chini, Mama, kuna ufa. Ni mwembamba kama unywele, lakini nimepitisha kucha na kucha imekwama.

Nafikiri gitaa halikulowa. Nafikiri limekufa kiu. Mashine yangu ilikuwa inalivuta kwa nje, na vifuko vyako, nisamehe, vilikuwa vinalivuta kwa ndani. Nimevitoa vyote vinne. Nimelegeza nyuzi. Sijui kama nimekosea zaidi.

Kama unaona nimekuvunjia heshima, niandikie hivyo, lakini niandikie.

Mwanao,
Kinyonga


Agosti 8

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nimeuliza posta mpaka yule dada wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Kama unaumwa, mwambie hata Fundi Vitanda aniandikie. Kama umekasirika, hasira yako naipokea, lakini gitaa halikuweza kusubiri tupatane.

Nimeliondoa masjala. Nilingoja wenzangu waende kula, nikalibeba kifuani, na mlangoni nikakutana uso kwa uso na Mkuu wa Masjala. Yule mama hacheki, hapigi kelele, akikutazama tu unakumbuka makosa ya shule ya msingi. Akalitazama kasha kutoka juu hadi chini.

"Hili ni faili gani?"

Nikasema si faili.

"Lina namba?"

Nikasema halina.

"Kisicho na namba hakiingii humu," alisema. "Na kisichoingia hakiwezi kutoka. Kwa hiyo sijui wewe umebeba nini, na wewe hujui kwamba mimi ninajua." Akapita.

Sasa liko chumbani, mbali na dirisha, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na dirisha nimelipigilia misumari mingine miwili. Nimetoboa matundu kwenye kiboksi cha sabuni, nikatia ndani kipande cha sponji nilicholowesha na kukikamua mpaka kisidondoshe hata tone, nikakiweka ndani ya kasha pembeni mwa shingo. Nilichoogopa ni kupitiliza, nikalilowesha tukaanza kugombana na ukungu kweli. Nitajuaje limekunywa kiasi gani? Nikaukumbuka ule muhuri. Ulikuwa umetupwa, nikauomba. Ni wa zamani, unasomeka IMEPOKELEWA. Nimeulaza ndani ya kasha pamoja na gitaa. Mpini ukicheza kwenye pete yake, nalowesha sponji. Ukikaza ukawa hautoki, naacha. Asubuhi kabla ya kazi nafungua, nautikisa sikioni, nafunga. Wapangaji wenzangu wanadhani napiga ramli.

Ufa bado upo. Sijautia gundi, sithubutu kushika kazi yako bila wewe.

Mwanao,
Kinyonga


Agosti 26

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nilinuna.

Nakuambia ukweli ili usiusikie kwa mwingine. Barua yako ya Julai niliisoma, nikaikunja, nikasema huyu kapewa kiti cha kuzunguka sasa ananifundisha mbao. Nilipiga randa siku nzima ubao ambao haukuhitaji randa. Fundi Vitanda akaniuliza maranda yote yale ni ya nini, nikamwambia ya kuzikia watu wanaouliza.

Lakini neno lako moja lilinikaa kama kibanzi chini ya ukucha, lile la kwamba chuma hakipungui. Kwa sababu ni kweli, nazijua ncha zile, nilizikata mwenyewe. Kama zimetokeza, basi kilichorudi nyuma ni mbao.

Nilikuwa nimebakiwa na vipande viwili vya ubao ule ule niliofanyia uso wa gitaa lako. Nikavikata sawasawa, nikavibana kwenye jiliwa pamoja, nikavipiga msasa mpaka kidole hakioni kipi kinaanzia wapi. Kimoja nikakiacha rafuni. Kingine nikakitia kwenye debe la biskuti pamoja na vifuko vyangu vya mkaa, nikafunika, nikaweka karibu na jiko, kisha nikakaa nacho kama mtu anayengoja mkate. Nilivunja ahadi ya wateja wawili kwa ajili hiyo, ndiyo maana ya kimya changu. Nilipokitoa nikaviweka tena pamoja. Kile cha debe kilikuwa kimepungua unene wa wembe. Wembe mzima, mwanangu, kwenye kipande kisichofika kiganja. Nikaketi chini.

Sikukosea kutengeneza. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Nilikosea kudhani kwamba kila mahali ni kwangu. Wewe ulikuwa unalivuta huku, mimi nalivuta huku, kila mmoja akidhani anamlinda mtoto.

Kumbe woga wako nao ni kipaji. Mimi sikuwahi kufikiria muhuri. Nimecheka peke yangu, halafu nimetoa machozi kidogo, halafu nikacheka tena, na Fundi Vitanda ameanza kunikwepa.

Sasa sikiliza. Usitie gundi leo. Ufa uliozibwa ukiwa na kiu utapasuka pembeni yake. Liache linywe taratibu mpaka uso uinuke na ufa ujifunge wenyewe, ukipitisha kucha isikwame. Hapo ndipo utie gundi niliyokutumia pamoja na barua hii, isugue juu ya ufa kwa kidole huku ukibonyeza kidogo kwa chini ili iingie, futa iliyobaki kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha kile kibao bapa kilichomo kwenye bahasha, chenye umbo la jicho, ni kiraka. Nimekikata kwenye kile kipande kilichobaki rafuni, kwa hiyo ni damu moja na gitaa. Kipake gundi, ingiza mkono kwenye tundu la gitaa, kibandike kwa ndani kikikatiza ufa, kishikilie mpaka mkono ufe ganzi. Mkono wangu haupiti tena kwenye tundu. Wako ni wa karani, utapita.

Jambo la mwisho. Mstari utabaki kuonekana. Mwalimu akiuliza, mwambie ni mshipa wa ubao, ulizaliwa nao. Si uongo mkubwa. Miaka yote hii nimesikia watu wakinong'ona kwamba gitaa la mwanamke halimalizi mwaka. Sitaki wapewe ufa wa kunyooshea kidole. Niahidi.

Mama yako


Oktoba 11

Mwanangu Kinyonga,

Hujambo? Mbona kimya? Chuo kimefunguliwa, wiki inakatika, posta hakuna kitu. Kama gundi haikushika, sema. Kama mwalimu amelikataa, sema. Hata kama umelikalia likavunjika vipande viwili, andika, nimezaa mtu sikuzaa gitaa.

Jana mteja aliniuliza lile gitaa la mjini limefikia wapi. Nilijibu "Liko salama" kwa sauti kubwa mno, mpaka nikajishuku.

Mama yako anayengoja


Oktoba 17

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo je? Mimi ni mzima sana, na midomo imepona. Nisamehe kimya. Nilikuwa na jibu nusu, nikaona nusu ingekuua kuliko kimya.

Ufa ulijifunga kama ulivyosema. Asubuhi moja nilitikisa muhuri, haukulia. Nikapitisha kucha, haikukwama. Nilitia gundi nikiwa nimezuia pumzi. Kiraka nilikishikilia kwa ndani mpaka nikashindwa kuutambua mkono ni wangu au ni wa gitaa, na jirani alipobisha kuomba chumvi alinikuta nimenaswa hadi kiwiko. Alirudi bila chumvi.

Chuo kilipofunguliwa nilikwenda. Chumba cha muziki kina dirisha refu na viti visivyofanana. Mwalimu ni mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa waya, na vidole vyake havitulii, vinapiga meza hata akisalimia. Alilipokea gitaa, akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akaligeuzia kwenye mwanga.

"Huu ni nini?"

Mama, nilikuwa na jibu lako mdomoni. Mshipa wa ubao. Nililifanyia mazoezi njia nzima. Lakini nilimtazama yule mtu akiufuata ule mstari kwa kidole, polepole, nikaona kwamba akiniamini, basi mwaka kesho atalinda magitaa yako vile vile nilivyolilinda mimi, nayo yatapasuka yote, na hapo ndipo jina lako litakapokufa kweli. Nikasema, "Ni ufa, Mwalimu. Halikutoka nao kwa mama yangu. Tumeutengeneza pamoja, yeye na mimi, kwa kulipenda kupita kiasi." Nikamweleza yote. Masjala, mashine, mkaa, ndoo, vipande vyako viwili na ule wembe. Hata kiraka nilimwonyesha kwa kioo kidogo alichokuwa nacho mezani.

Alichukua funguo akafungua stoo, akaniita. Mle ndani mna magitaa ya kiwandani, yameegeshwa kama wagonjwa kwenye benchi. Karibu yote yana nyufa. Moja kile kibao cha nyuzi kimebanduka chote, kinaning'inia.

"Kila kiangazi yanakufa," alisema. "Kila mwaka namwandikia muuzaji, naye ananijibu kwamba wanafunzi wangu hawana adabu kwa vyombo. Nimewaadhibu watoto wa watu, kijana. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kwa nini."

Tulirudi. Akakaza nyuzi, akapitisha kiganja shingoni. Nikamwambia, "Mama hutumia shavu." Akanitazama juu ya miwani, akainua shingo ya gitaa, akaisugua shavuni taratibu, mtu mzima na mvi zake. Akatabasamu. Kisha akapiga.

Sijui kukueleza sauti, nimesomea mafaili. Nitasema tu kwamba wanafunzi waliokuwa wakipita nje na ndoo za maji walisimama dirishani na kuziweka chini. Aliyekuwa mbele aliuliza, "Mwalimu, hilo limetoka nje ya nchi?" Mwalimu akajibu bila kuacha kupiga, "Limetoka kwa mama yake huyu." Wakageuka wote kunitazama, Mama. Kwa mara ya kwanza tangu nije mji huu sikutafuta pa kujificha.

Lakini hakuniambia anaagiza. Alisema atalikalisha kwanza, aone kama litavumilia mikononi mwa watu wengine wasio waoga kama mimi, nami nikaondoka na nusu hiyo ya jibu. Juzi alikuja mwenyewe ofisini. Limekaa sawa, na ameamua. Darasa zima litapigia magitaa yako. Tena anataka uje, ikiwezekana kabla ya mvua, uwatazame wale wagonjwa wa stoo na uwafundishe wanafunzi kubandika kiraka. Ameomba kila kasha liwe na muhuri wake. Nilimweleza Mkuu wa Masjala kwa woga. Alifungua kabati, ndani kuna rundo la mihuri ya mbao iliyostaafu, akasema, "Hii nayo haina namba," akaondoka ili asinione nikiichukua.

Kwa hiyo njoo. Safari hii barua usiifiche kwenye kopo la gundi. Isome mlango ukiwa wazi, msomee Fundi Vitanda, na pale penye ufa msomee kwa sauti zaidi. Vifuko vya mkaa viache huko huko.

Ukishuka stendi, usikubali wabeba mizigo wakushike kisanduku cha patasi, kibebe mwenyewe. Fuata barabara yenye maduka ya vitambaa mpaka iishe, kisha kata mkono wa kulia penye fundi saa. Mji wote utauona umekauka, nyasi ni njano, miti imebaki vijiti. Endelea tu mpaka uone geti lenye maua mekundu yaliyonawiri. Nayamwagilia ya bomba siku hizi, lakini yalianza kunywa kwenye ile ndoo, na humo mlikuwa na maji ya gitaa lako. Hapo ndipo ofisini kwangu.

Usimuulizie karani wa masjala, mlinzi atakupeleka kwa watu wengine kabla ya kunifikia. Wewe huko unaitwa Mama Karani. Mimi huku, tangu Mwalimu aje hadi getini akiuliza kwa sauti, nina jina jipya. Sema tu unamtaka Mwana wa Fundi. Wataniita.

Mwanao,
Mwana wa Fundi